Timu aliyotuachia baba: tuiendeshe, tuiuze au tuivunje?

Msomaji mmoja wa Buruburu, Nairobi, ameuliza hivi: "Ndugu mshauri, baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia duka la vifaa vya ujenzi kwenye Barabara ya Jogoo, pamoja na timu ya soka inayocheza daraja la pili la taifa. Mimi ni kifungua mimba na ndiye ninayeshika vitabu vya duka. Ndugu yangu anayenifuata anataka kuisimamia timu mwenyewe, hata kupanga kikosi. Kitinda mimba anasema mshambuliaji wetu hodari ni wake kwa asilimia 30, kwa sababu alimtoa kijijini akamlisha na kumnunulia viatu. Mama anataka timu ivunjwe kabla haijalimaliza duka. Je, familia ya kawaida kama yetu inaweza kuendesha klabu ya kulipwa bila kufilisika?"

Dada yangu, poleni kwa msiba. Jibu langu ni kwamba inawezekana, lakini kwa sharti ambalo wamiliki wengi niliowafanyia kazi ya uhasibu hawapendi kulisikia: mkubali tangu mwanzo kwamba timu itakula pesa kila mwaka, mkubaliane itakula kiasi gani, kisha muijenge ndani ya kiasi hicho na si nje yake. Familia nyingi hufanya kinyume. Husajili kwanza, huahidi mishahara, hukodi basi, halafu ndipo hutafuta pesa, na zikikosekana mdhamini hulaumiwa. Swali lenu basi lisiwe ni faida gani mtapata; liwe ni hasara gani mnaweza kuibeba kwa miaka mitano bila duka kutikisika.

Kabla ya hesabu, kuna jambo la kisheria ambalo barua yako haikuligusa. Baba yenu alimiliki nini hasa? Chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, mashirika ya michezo husajiliwa na Msajili wa Michezo, na klabu iliyosajiliwa hivyo huwa na katiba, viongozi na wanachama. Ikiwa timu yenu ilisajiliwa kwa njia hiyo, huenda marehemu alikuwa mwenyekiti na mfadhili tu, na klabu yenyewe si mali ya kurithiwa kama kiwanja au gari. Mtakachohitaji ni mkutano wa wanachama na uchaguzi wa viongozi wapya. Ikiwa alianzisha kampuni na kuiweka timu ndani yake, hisa zake ni sehemu ya mirathi, na hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuziuza au kuzigawa mpaka mahakama iwateue wasimamizi wa mirathi na kuidhinisha mgao. Kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka hayo ni kosa la jinai nchini Kenya, na mtoto anayemuuza mchezaji wa kampuni ya marehemu kwa kupeana mkono katika hoteli ya River Road anaweza kujikuta pabaya. Tafuteni cheti cha usajili, mkaisome katiba au hati za kampuni, mkaangalie pia mikataba ya wachezaji ilitiwa saini kwa jina la nani. Nimewahi kukuta klabu ambayo nusu ya mikataba yake ilikuwa kati ya mchezaji na mmiliki mwenyewe kwa jina lake binafsi, na nusu nyingine haikuwepo kabisa.

Sasa tupige hesabu ya mfano, ambayo utaijaza kwa takwimu zenu halisi. Tuseme mna wachezaji 25 wanaolipwa wastani wa shilingi 20,000 kwa mwezi, na wafanyakazi 8 wa benchi la ufundi na ofisi wanaolipwa wastani wa shilingi 25,000. Hiyo ni shilingi 700,000 kwa mwezi, yaani milioni 8.4 kwa mwaka. Ligi yenye timu 20 ina mechi 38, nusu nyumbani na nusu ugenini. Mechi ya nyumbani ina kodi ya uwanja, ulinzi, gari la wagonjwa, maji na posho. Tukiweka shilingi 50,000, mechi 19 ni shilingi 950,000. Za ugenini hutegemea umbali: Mombasa au Kakamega ni basi, malazi na milo ya watu wasiopungua 25, na ukichanganya za mbali na za karibu hutakosa milioni moja. Ongezeni jezi, mipira, matibabu, ada za usajili na makato ya mwajiri, na mtakuwa mnaelekea milioni 11.5. Upande wa mapato, mkipata watazamaji 300 wanaolipa shilingi 100 katika kila mechi ya nyumbani, msimu mzima utaleta shilingi 570,000.

Nimeweka watazamaji 300, na hapo nimekuwa mkarimu. Ukienda Camp Toyoyo kule Jericho jioni ya Jumamosi utaona watu wengi kandokando ya uwanja, lakini mkusanya viingilio akifunga hesabu, wale waliolipa ni wachache. Kuna anayejuana na kipa, kuna aliyecheza na baba yenu zamani, kuna kijana aliyebeba mfuko wa mipira mlangoni akahesabiwa kuwa mmoja wa timu, na kuna wanaotazama kutoka nje ya ua bila kumkosea mtu yeyote. Kulipa kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya klabu husaidia, kwa maana pesa hazipiti mikononi, lakini hakumlazimishi rafiki ya marehemu kulipa. Viingilio vichukulieni kuwa nauli ya mechi inayofuata, basi.

Kwa hiyo pengo lenu katika mfano huu ni karibu milioni 11 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 55. Lile duka la Barabara ya Jogoo linaweza kuzitoa bila kugusa pesa za kununulia saruji na mabati? Wewe ndiye mwenye vitabu; unajua. Kama linaweza kutoa milioni 4 tu, basi mna timu ya milioni 4, na timu ya milioni 4 huenda isiwe ya daraja la pili. Najua maneno haya yanauma, lakini familia inayoshuka daraja kwa kupenda kwake, ikabaki na vijana 20 wa mtaani na kocha mmoja anayelipwa kwa wakati, iko mahali pazuri kuliko ile inayong'ang'ania ligi ya juu huku wachezaji wakigoma kufanya mazoezi kila mwisho wa mwezi.

Utaambiwa kwamba mdhamini ataziba pengo hilo. Nakuomba usimweke mdhamini kwenye bajeti mpaka pesa zake ziwe benki. Historia ya karibuni ya soka yetu inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2017 SuperSport, waliokuwa wakirusha mechi za Ligi Kuu, walivunja mkataba wao. Agosti 2019 SportPesa, kampuni ya kamari, baada ya mzozo wake na serikali kuhusu leseni na kodi, iliondoa udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zikabaki mikono mitupu katikati ya mipango. Februari 2022 FIFA, shirikisho la soka duniani, iliifungia Kenya isishiriki soka ya kimataifa, ikaifungulia Novemba mwaka huo huo. Kabla ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, viwanja vya Kasarani na Nyayo vilifungwa kwa vipindi virefu kwa ukarabati, na timu za Nairobi zikahangaika kutafuta pa kuchezea, nyingine hadi Machakos. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na mmiliki wa klabu, na kila moja liliingia mfukoni mwake.

Tofauti yenu na wengine iko hapo. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, na AFC Leopards, iitwayo Ingwe, iliyoanzishwa mwaka 1964, zina jamii nzima nyuma yake. Zikikwama, harambee huitishwa na watu hujitokeza, japo kwa manung'uniko. Tusker ina kampuni ya bia. Azam ya Dar es Salaam, ambayo wengi huitaja wakitaka kuthibitisha kwamba familia inaweza, ni ya familia ya Bakhresa, wenye unga, juisi, aiskrimu na televisheni; walijenga uwanja wao wenyewe Chamazi na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14. Mfano huo ni mzuri, ila msiuchukue kama ramani yenu. Afadhali mtazame Sofapaka ya Elly Kalekwa, iliyopanda Ligi Kuu na kuibeba mwaka 2009 katika msimu wake wa kwanza, kisha katika miaka iliyofuata ikawaonyesha wote kwamba kuubeba ubingwa mara moja na kuulipia mshahara kila mwezi ni kazi mbili mbalimbali.

Pesa za kweli katika klabu ndogo, kama zipo, ziko kwa wachezaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo familia nyingi hupoteza haki yao bila kujua. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja ya bei yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una nusu ya asilimia. Mkenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013 kwa bei iliyotangazwa ya pauni milioni 12.5, kila mwaka wa utotoni mwake kuanzia 12 hadi 15 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250. Klabu ya mtaa wa Nairobi inaweza kuendesha msimu mzima kwa pesa kama hizo. Kando na mgao huo kuna fidia ya malezi, inayolipwa mchezaji anapotia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya nchi nyingine, na tena kwa kila uhamisho wa kimataifa mpaka mwaka anaotimiza miaka 23.

Haki hizi zote husimama juu ya karatasi. Kijana ambaye hakusajiliwa kwenye mfumo wa shirikisho la soka nchini akiwa kwenu, kwa tarehe sahihi ya kuzaliwa, kwa mujibu wa kumbukumbu hakuwahi kuchezea timu yenu, hata kama mtaa mzima ulimwona. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kukusanya na kugawa malipo haya, nayo husoma historia ya usajili wa mchezaji. Haisomi picha za timu zilizobandikwa ukutani. Kama kuna mtu mmoja wa kuajiri kabla ya winga mpya, ni karani mwenye nidhamu wa usajili. Na jambo la umri lisichezewe. Kumpunguzia kijana miaka miwili kunaweza kuwaletea kombe la vijana, lakini siku karatasi zake zitakapokaguliwa kwa ajili ya uhamisho, uongo huo ndio utakaowakosesha pesa.

Jambo la pili linaloangamiza thamani hiyo ni mshahara unaochelewa. Mmiliki huona deni la mwezi mmoja au miwili kuwa jambo la kuvumiliana, na Nairobi tumelizoea mno. Kanuni hazilioni hivyo. Mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu halali na kuondoka bure, huku akidai chake. Yule mshambuliaji ambaye mngemuuza mwezi Juni ataondoka Machi kwa sababu ya shilingi 40,000. Zaidi ya hayo, deni likifikishwa FIFA na kuamuliwa, klabu inaweza kufungiwa kusajili mpaka ilipe. Ndiyo maana nasema timu ya vijana 20 wanaolipwa kidogo tarehe moja ya kila mwezi ina thamani kubwa kuliko timu ya majina makubwa yenye madeni.

Na mkiwalipa, walipeni kama wafanyakazi. Kuuita mshahara "posho" hakuuondolei kodi ya mapato, NSSF, mchango wa bima ya afya ya jamii wala ushuru wa nyumba, ambao mwajiri naye huchangia asilimia 1.5. Mamlaka ya Ushuru ikija itagonga mlango wa duka, kwa sababu hapo ndipo penye bidhaa za kukamata.

Sasa nije kwa kitinda mimba na asilimia zake 30. Moyo wake ni mwema na huenda bila yeye kijana yule angekuwa anachunga ng'ombe, lakini dai lake halina miguu. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni yoyote isiyo klabu kumiliki sehemu ya haki za uhamisho wa mchezaji. Klabu inayokubali mgao wa namna hiyo ndiyo inayoadhibiwa, hata kama mwenye mgao ni ndugu wa damu. Kama anataka kurudishiwa gharama zake, ziandikwe kuwa deni la klabu kwake: kiasi fulani cha shilingi, chenye risiti, kilipwe hata kama mchezaji hatauzwa kamwe. Kama anataka kuwa wakala, asome, afanye mtihani wa FIFA apate leseni, na aondoke kabisa katika umiliki na uongozi wa klabu, kwa kuwa wakala haruhusiwi kuwa na maslahi ndani yake. Achague upande mmoja.

Kwa ndugu yako anayekufuata nina neno gumu zaidi, maana kiu ya kupanga kikosi huwapata wamiliki wengi na huwagharimu kuliko kodi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mchezaji akishajua kwamba aliyewekwa benchi na kocha anaweza kumpigia simu mwenye timu usiku na kupangwa kesho yake, kocha huyo amekwisha, hata kama bado mnamlipa. Kwenye klabu zinazoomba leseni, sifa za kocha hukaguliwa pamoja na vigezo vya michezo, miundomsingi, utawala, sheria na fedha, kwa hiyo hilo si suala la hiari ya familia peke yake. Mpeni ndugu yako kazi yenye mipaka: awe meneja wa timu, ashughulikie usafiri, jezi, malazi na uhusiano na waamuzi na wenyeji. Ni kazi inayomweka karibu na vijana na kumchosha vya kutosha. Muandike pia kwamba hakuna mwanafamilia anayeingia chumba cha kubadilishia mavazi wakati wa mapumziko, wewe ukiwemo.

Mtu atakutajia Kaizer Chiefs ya Soweto, iliyoanzishwa na Kaizer Motaung mwaka 1970 na ambayo watoto wake wameshika nyadhifa kubwa ndani yake. Ni kweli, familia hiyo imeonyesha kwamba klabu inaweza kupita kutoka kizazi kimoja hadi kingine na jina likabaki kubwa. Lakini baada ya ubingwa wa ligi wa msimu wa 2014/15 walikaa bila kombe mpaka Mei 2025, walipowafunga Orlando Pirates katika fainali ya Kombe la Nedbank, na katika miaka hiyo yote mashabiki waliwanyoshea kidole watoto wa mwenye timu kwa majina. Meneja aliyeajiriwa hufukuzwa na jambo likaisha. Ndugu hafukuzwi, mtakutana naye Krismasi mezani kwa mama. Kwa sababu hiyo, kila cheo anachopewa mwanafamilia kiwe na muda, mshahara ulioandikwa, na mtu wa nje mwenye mamlaka ya kumpima. Watu wawili wa nje kwenye bodi wanatosha: wakili mmoja, na mchezaji wa zamani anayeheshimika mtaani kwenu.

Mama yenu ana haki katika nusu ya hoja yake, na nusu hiyo mtimizieni mara moja. Timu na duka visitumie akaunti moja wala daftari moja. Duka liingie mkataba wa maandishi na klabu kama mdhamini mwingine yeyote: jina lake liwe kifuani mwa jezi, nalo litoe kiasi kilekile tarehe moja ya kila mwezi, lisipokee simu ya dharura siku ya Ijumaa jioni eti basi limekataa kuondoka. Mnunuzi wa saruji akiona jina la duka kwenye jezi pale Camp Toyoyo, huo ni utangazaji wenye thamani fulani, ingawa si ya milioni 11. Mama apewe hesabu ya kila mwezi katika ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa. Na matumizi yote yawe na majina yake halisi. Katika vitabu vya klabu moja niliona safu iliyoitwa "maandalizi maalumu ya mechi", yenye kiasi kinachopanda kila klabu hiyo ikikutana na wapinzani wa jadi. Nilipouliza, chumba kizima kilitazama dari. Mganga halipiwi kwa pesa za saruji.

Kuhusu kuivunja kabisa, sishauri kabla hamjajaribu kuiuza. Kuvunja hakufuti madeni ya mishahara, na nafasi ya timu katika ligi, vijana waliosajiliwa ipasavyo na jina linalojulikana Eastlands vina mnunuzi, hata kama bei haitalingana na alichokitia marehemu. Msihesabu alichokitia, kimeshaingia uwanjani. Mnunuzi wa maana atataka kuona mambo matatu: orodha ya madeni yote, mikataba ya wachezaji, na idhini ya shirikisho kwa mabadiliko ya umiliki au ya jina. Anayekwambia hayo hayahitajiki na kwamba mtamalizana kwa simu, mwogopeni. Pesa ziwekwe kwa wakili wa pande zote mbili kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo wachezaji wenu bora watakuwa wamepata simu kutoka kwingine na bei itashuka. Katika mkataba wa mauzo mwandike pia kwamba migao ya uhamisho wa wachezaji mliowalea itamwendea nani. Wauzaji wengi husahau kipengele hicho, na mnunuzi mjanja hatakukumbusha.

Ukiniandikia tena, niambie mambo mawili tu: cheti cha usajili kinasema nini, na duka linaweza kutoa shilingi ngapi kwa mwezi bila kukopa. Nikiyajua hayo nitaweza kukwambia kama timu yenu ni ya daraja la pili, la tatu, au ya kuuzwa kabla ya Juni.